Upepo wa Mtu Mwepesi

Hivi wewe, umewahi kusimama katikati ya watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa, ukawa unabeba maneno ya huyu kumpelekea yule, kana kwamba kati yao kuna mto uliofurika? Mimi nimeifanya kazi hiyo kuanzia majira ya baridi mpaka mipichi ikachanua, na karibu maneno yote yalikuwa ya matairi ya baiskeli.

Mwanangu Mokhele anakodisha na kutengeneza baiskeli za mlimani hapa hapa uani, katika chumba cha mabati kilichokuwa banda la farasi wa baba yake. Matairi yananing'inia darini kwa majira yake. Karibu na mlango ni yale ya baridi kavu, meno mafupi yaliyosongamana, maana huku chini mwamba wa mchanga ukikauka huwa laini kama sakafu iliyopigwa samli. Katikati ni ya mvua, membamba, meno marefu yaliyoachana kama ya mtoto anayeng'oa ya utotoni, ili udongo mweusi upate pa kudondokea. Mwisho kabisa, karibu na dirisha, ni ya mlima wa juu. Hayo yana mbavu nene, kwa sababu mawe meusi ya kule hukata mpira kama wembe.

Mjukuu wangu Tseliso, mtoto wa Mokhele, alipooa, alituletea Puseletso kutoka Butha-Buthe. Tulimpa jina la 'Makatleho, mama wa Katleho, ingawa Katleho mwenyewe hajazaliwa wala haonyeshi haraka. Kwao alikuwa akishindana kwa baiskeli, na watu wa huko hawamtaji bila kutaja vumbi alilowatimulia. Lakini bibi harusi ni bibi harusi. Kwa desturi ya ukoo wetu hamsemeshi baba mkwe, halitaji jina lake ila Ntate tu, yaani baba, wala hampi kitu mkononi, mpaka azoeleke. Azoeleke lini? Hakuna aliyepanga. Kondoo wa kumkaribisha tulishachinja, nyama ikaliwa, mifupa ikatafunwa na mbwa, na bado kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze. Mama mkwe, ambaye ndiye angebeba maneno, yuko Maseru kiwandani anashona suruali, hurudi mwisho wa mwezi. Basi nikabaki mimi, Nkhono, bibi yao.

Wiki ya mashindano ya baiskeli ya kuvuka mlima ikafika. Hukimbiwa wawili wawili, na lazima wawili hao wamalize pamoja. Tseliso alikuwa aende na rafiki yake Khauhelo, kijana mmoja mkubwa kama fahali. Shida ya mwezi huo ni kwamba majira yote yako njiani siku moja: huku chini vumbi, katikati matope, juu kwenye kivuli theluji haijakubali kuondoka.

Mokhele alikuwa amechuchumaa mlangoni, tairi la matope mkononi. Puseletso alikuwa kwenye karai anasugua minyororo, kitambaa kichwani, shali mabegani, mgongo kwa mkwe wake. Ningeweza kuwagusa wote wawili kwa fagio langu.

"Mama, mwambie huyo mtoto njia ya juu imeloa. Naweka ya matope, mbele na nyuma."

Nikageuza shingo. "Mwanangu, Ntate anasema ya matope, mbele na nyuma."

"Mwambie Ntate namshukuru, Nkhono. Ila huku chini bado ni kukavu kama unga wa mtama. Meno marefu nyuma yatamla Tseliso miguu kabla hajauona mlima."

"Anakushukuru," nikamwambia Mokhele.

"Na?"

"Na matairi yako yanakula watu miguu."

"Nkhono! Sikusema kwa ukali hivyo!"

"Basi mwanangu, nitaurudisha ukali uliozidi."

Mokhele akasonya, lakini niliona mashavu yake yakicheka. "Mwambie ng'ombe wameanza kupandishwa malishoni. Lile bonde la matete limekatwakatwa kwato tupu. Nimechunga pale tangu sijaota ndevu. Tairi la meno mafupi likifika hapo litalala chini kama mlevi."

Mikono ya Puseletso ikatulia kwenye maji. Habari za ng'ombe hakuwa nazo. "Hilo sikulijua," akasema. "Ntate amesema kweli. Basi mbele tuweke meno marefu. La mbele ndilo linaloshika njia. La mbele likiteleza umeanguka. La nyuma likiteleza unacheka tu. Nyuma twende na meno ya wastani, mbavu nene."

Sikuwahi hata kufungua kinywa.

"Mbavu nene ni nzito," Mokhele akaliambia tairi.

"Ni nzito, lakini halimwachi mtu juu anaziba pancha kwenye theluji," Puseletso akauambia mnyororo.

Kuku akapita kati yao. Kisha Mokhele akakohoa.

"Mama, amesemaje?"

"Umesikia."

"Mimi? Sijasikia kitu."

Ikabidi niyarudie yote, neno kwa neno, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea habari mpya kutoka mbali. Tseliso alikuwa anapita na ndoo. "Nkhono," akasema, "kampuni ya simu inakulipa lakini?"

Matairi ya Tseliso yakafungwa vile walivyokubaliana. Lakini mimi nilikuwa naona jambo jingine. Tangu aje kwetu, Puseletso hakuwa amepanda baiskeli hata mara moja. Jioni alikuwa akizirudisha ndani moja moja, mkono juu ya kiti, polepole, kama mtu anayemtembeza ndama wa jirani. Alikuwa anataka kupanda. Hilo lilionekana mpaka kwenye mgongo wake. Nilimuuliza siku moja tukichambua mboga.

"Nkhono, watasema nimekuja kuolewa au kuendesha? Sijaambiwa kitu. Na Tseliso nimemkataza. Sitaki kuombewa baiskeli kama sukari ya jirani. Nikiipata, niipate kwa mdomo wangu."

"Na huo mdomo utafunguka lini?"

Akacheka, akainama kwenye mboga.

Nikamwendea Mokhele naye. "Kama anataka, si aseme?" akanijibu. "Mimi nikimwambia panda, watu watasema Mokhele anamtumikisha mke wa mtoto wake. Mimi nasubiri."

Haya. Wote wanasubiri, na mimi nazeeka.

Ijumaa adhuhuri ukaja ujumbe: Khauhelo amepigwa teke la paja na punda wa mjomba wake, hawezi hata kukaa. Mbio zilikuwa kesho yake, majina yalitakiwa kupelekwa kwa waandaaji hotelini kabla jua halijazama, na Tseliso peke yake hakuwa timu. Akakaa na baba yake juu ya kreti, wakaanza kutafuta mtu.

"Yule polisi?" Mokhele akasema.

"Yule baiskeli humpanda yeye, Ntate. Kila kilima anaibeba."

"Mchungaji wa kanisa la chini?"

"Anasali kila mteremko. Tutafika Jumatatu."

"Basi sijui mtu."

"Kweli humjui?" Tseliso akauliza, akiangalia juu ya bega la baba yake.

"Simjui. Kama yupo, si atasema?"

Aliyekuwa nyuma ya bega hilo ni Puseletso. Hakuna aliyemtuma, lakini alikuwa ameigeuza juu chini baiskeli aliyotengewa Khauhelo, anabadilisha matairi. La mbele la meno marefu, la nyuma la mbavu nene. Akajaza upepo kwa pampu ya mguu. Akalibonyeza kwa kidole gumba. Akaachia upepo kidogo, psss, akabonyeza tena, akasikiliza kama mtu anayegonga tikiti sokoni. Kisha akateremsha kiti, akaisimamisha baiskeli ukutani na kwenda kunawa.

Mokhele hana uwezo wa kuliona tairi asilibonyeze. Akainuka taratibu, kama anayejinyoosha tu, akafika ukutani. Akabonyeza la nyuma. Akabonyeza la mbele.

"Mama! Mwambie hapa amekosea. Matairi ni laini mno. Khauhelo akikalia hiki kiti, jiwe la kwanza tu, rimu imepinda."

"Khauhelo si ana paja bovu," nikamwambia. Nilikuwa kwenye mkeka wangu na bakuli la motoho, uji wetu mchachu wa mtama, na sikuwa na nia ya kuinuka.

"Najua ana paja. Basi upepo ni wa nani?" Akabonyeza tena, polepole sasa. "Huu upepo ni wa mtu mwepesi. Mwepesi sana. Na la mbele limelegezwa kupita la nyuma, kama la mtu ambaye akishuka hagusi breki ovyo..."

Mkono wake ukabaki juu ya tairi. Niliyaona macho yake yakienda kwenye kiti kilichoteremshwa, yakarudi. Tseliso alikuwa anakazana kuangalia paa, utadhani limeanza kuvuja bila mvua.

"Mama," Mokhele akasema kwa sauti ya chini, "muulize upepo huu ni wa nani."

Nikachota motoho, nikajaza mdomo. Nikachota tena.

"Mama?"

"Mmh."

"Muulize."

Nikamwonyesha mashavu yangu yalivyojaa. Mtu hasemi na uji mdomoni. Nilimfundisha hilo mimi mwenyewe akiwa hajavaa hata suruali. Kwenye kona ya uani Puseletso alikuwa amesimama, maji yanamdondoka viganjani, ananitazama mimi, ananiomba kwa macho. Nikameza kidogo, nikaongeza mwingi. Kivuli cha chumba cha mabati kilikuwa kimeshafika kwenye mkeka, na hoteli iko ng'ambo ya mto.

Mokhele akashusha pumzi. Akavuta kreti, akaigeuza, akaketi akielekea kule kona. Aliketi tu, mikono magotini, kama mtu aliyefika mapema mkutanoni.

Puseletso akajifuta mikono kwenye aproni. Akakaza kitambaa kichwani. Akavuka ule ua, akampita kuku, akanipita mimi na bakuli langu, akasimama mbele ya baba mkwe wake, macho chini, sauti juu.

"Ntate," akasema, "upepo ni wangu. Nataka kupanda mimi, kesho, na Tseliso, mpaka ng'ambo ya mlima."