Makopo Kumi na Manne

Kaka yangu mkubwa ni mtunza stoo, na maradhi ya watunza stoo ni kupanga. Mpe gunia la maharage, atakutengea makubwa huku na madogo kule, na wewe ufe njaa. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye familia ilimkabidhi pikipiki ya marehemu baba.

Tena pikipiki yenyewe haikuwa pikipiki. Ilikuwa magunia matatu ya vyuma, fremu, na tangi lililoegemezwa nyuma ya kochi la mama. Baba aliifungua yote katika mwaka wake wa mwisho, akitaka kuirudisha upya, akafa kabla ya kuiunga. Tulipokaa kugawana, baba mdogo akakohoa, akasema pikipiki si kitu cha mtoto wa kike. Mimi nina gereji yangu, mwaka wa tisa huu. Pikipiki ya baba mdogo mwenyewe huletwa kwangu ikisukumwa. Roho iliniuma, maana niliitaka. Kaka hajui hata spana inashikwa upande gani.

Miezi minne baadaye akanipigia simu. Mama alikuwa amechoka kuishi na vyuma sebuleni, na ametoa neno: hadi mwisho wa mwezi isimame kwa magurudumu yake, la sivyo anamwita mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Njoo uone, mdogo wangu," kaka alisema, kwa sauti ya mtu anayengoja kupigiwa makofi. "Kazi ngumu nimeshaimaliza."

Nikaenda na sanduku la spana, na ulimi nimeunoa.

Chini ya dirisha la sebule kulikuwa na makopo kumi na manne ya maziwa, yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Kila kopo lilibandikwa karatasi yenye mwandiko wa stoo: Boliti ndefu. Boliti fupi. Boliti za wastani. Nati. Vinginevyo. Vinginevyo, jamani! Na vyote vimeoshwa kwa mafuta ya taa, vinang'aa.

"Boliti hizi umezitoa wapi?" nikamuuliza.

"Si kwenye vyuma vyenyewe? Mzee alikuwa amezirudishia kila moja kwenye tundu, zimelegea tu. Nikaona nguvu zilimwishia, hakumaliza kufungua. Nikamalizia."

Nikakaa kwenye mkono wa kochi.

Baba alinifundisha hivi: ukifungua kitu, boliti irudishe kwenye tundu lake, izungushe kwa vidole tu, ikungoje. Kifuniko cha klachi cha pikipiki ile kina boliti kumi, na urefu wake haulingani. Ile ndefu ukiichomeka pa fupi, unakaza kwa raha zako, mara unasikia tak, kasha la injini limepasuka. Na kasha lile halitengenezwi tena popote. Baba aliacha maelezo yote mle ndani ya matundu, na bwana huyu akayafuta kwa mafuta ya taa.

Nilimpasha. Nilimwambia ashukuru Mungu hakusomea udaktari, angewapanga wagonjwa figo huku, maini kule. Nilimwambia hata panya angekaa na vile vyuma miezi minne bila kuharibu kiasi hicho.

"Hata kuuliza tu? Fundi yupo, ndugu yako wa damu, na simu unayo!"

Kaka alikuwa akifuta kopo lisilo na vumbi.

"Na wewe pia ulikuwa na simu," alisema, bila kupandisha sauti. "Kila Jumamosi mzee alifungua kipande, mimi nikimshikia beseni. Kila Jumamosi ananiambia twende polepole, leo fundi wetu atakuja. Ulikuwa na wateja. Ukaja kuzika."

Gereji yangu iko dakika arobaini kutoka pale, na Jumamosi ndiyo siku ya kazi nyingi, na nilijiambia mzee atapona tu. Niliona haya, haya ya kuunguza masikio.

Mama akauliza kutoka jikoni, "Itaungika hiyo, au nimwite mtu wa vyuma?"

"Usimwite kwanza, mama," nikajibu.

Nikashuka sakafuni, nikatandika gazeti, nikaweka kifuniko cha klachi katikati na kumwaga boliti ndefu kando yake, kisha fupi, kisha za wastani. Kaka alibaki kasimama, anangoja tusi jingine.

"Kaa hapa, kaka," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyemshikia beseni. Siku ya kifuniko hiki, alianza tundu lipi, na boliti iliyotoka ilikuwa ndefu au fupi?"