Nje Kushoto

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza Hanang nzima kucheza besiboli. Nilicheza siku moja tu. Mpira ulipita salama, rungu likanitoka mikononi likampata jogoo wa meneja, na jioni tukamla. Baada ya hapo walinirudisha jikoni kwenye kantini ya shamba, wakanipa cheo cha kutunza benchi, maana benchi lenyewe lilikuwa la kwangu.

Mchezo huo tuliletewa na fundi mmoja wa kombaini za kuvunia ngano, Mkanada, mtu wa kucheka peke yake. Alipokwenda likizo kwao alituachia glovu, marungu na mipira. Kila mwaka ngano ikishavunwa, shamba linabaki tupu mpaka macho yanachoka kulitazama, tunaligeuza uwanja, na timu za mashamba ya jirani zinaanza kutembeleana.

Sasa, timu za watu hugombania kucheza. Yetu iligombania benchi.

Ilianza na Dionis. Yeye alikuwa analinda nje kushoto, kule mbali ambako mpira ukipigwa sana ndiko unakoangukia. Siku hiyo ya mazoezi alikuwa ameinama anafunga kiatu. Mpira ukampita juu ya kichwa, ukapotelea nyuma yake kwenye vumbi. Sote tulimwona ameinama. Na sote tuliuona mpira ukirudi. Ulirushwa vizuri, wa juu, ukatua mkononi mwa Ignasi, kapteni wetu, kama mtu amemkabidhi. Dionis alikuwa bado na kamba ya kiatu mkononi.

Ignasi aliushika ule mpira kidogo, akauweka chini, akajifuta kiganja kwenye suruali.

Baada ya hapo kila aliyesimama kule alirudi na hadithi moja: mluzi. Mluzi wa mtu anayeita ng'ombe wake, taratibu, mgongoni kwako. Ukigeuka hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hata upepo hakuna.

Basi siku moja kabla ya mechi ya kwanza tukakaa nyuma ya kantini kupanga timu. Ignasi ni karani wa stoo, mtu wa Bukoba, anaongea kama anasoma tangazo.

"Ndugu zangu, katikati yupo, kulia yupo. Wa akiba wamekuwa wengi kuliko wanaocheza. Nani anasimama kushoto?"

Mtu akakohoa.

"Dionis?"

"Kapteni, mimi miguu imevimba."

"Miguu yote miwili?"

"Mmoja umevimba, wa pili unauhurumia."

Nikawaambia, "Benchi langu linabeba watu wanne. Mkikaa wote litavunjika, na ugali mtakula mmesimama."

Pembeni yangu alikuwa amekaa Gidahosh, mlinzi wa ghala, Mbarabaig wa Hirbadaw. Hakuwa kwenye timu. Alikuwa mtu wa maneno machache, shuka begani, fimbo magotini. Lakini sisi wa jikoni tulijua kwa nini aliomba kazi pale. Baba yake alizikwa kwa heshima kubwa kwenye nyika ile, wakamjengea tuta la udongo refu kama nyumba. Kwao ukipita kwenye kaburi kama lile unaweka majani mabichi. Gidahosh alikuwa Singida na ng'ombe wakati trekta zilipoingia. Aliporudi, tuta hakuna, miti hakuna, njia hakuna. Shamba limenyooka kama kitanda kilichotandikwa. Na mama yake alikuwa amelala mgonjwa nyumbani, na kila akimwona anauliza neno lile lile: mwanangu, umemwekea baba yako majani? Gidahosh alikuwa amezunguka shamba lile msimu mzima na majani mkononi, hajui ayaweke wapi.

Siku hiyo akafungua mdomo.

"Mwekeni Patriki. Ana mbio, ana mkono."

Patriki, dereva wa trekta, mtu wetu wa kule Nambis, aliyekuwa anatafuna hindi, aliacha kutafuna.

"Mimi goti."

"Goti lipi?" nikamwuliza. "Hilo ulilochezea ngoma Jumapili kwenye ubatizo?"

Watu wakacheka. Gidahosh hakucheka.

"Kaka Patriki, upande ule ulilima wewe?"

"Mimi? Sijawahi. Mimi nililima upande wa bwawa."

"Hukuona tuta la kaburi?"

"Kaburi gani? Shamba hili sijawahi kuona kaburi. Haki ya Mungu."

"Basi kama hujaona kitu," Ignasi akasema, "huna cha kuogopa. Chukua glovu."

Tukaenda uwanjani wote, hata mimi na mwiko wangu. Jua lilikuwa linakaribia mgongo wa mlima Hanang na vivuli vyetu vilikuwa virefu kuliko sisi. Patriki alikwenda kule polepole, kama mtu aliyetumwa msibani peke yake.

Ignasi akapiga. Mpira ukaenda kushoto, mbali, ukadunda, ukaviringika. Patriki akakimbia, na kweli ana mbio yule. Alikimbia moja kwa moja, halafu ghafla akakata kona. Akazunguka, duara zuri, kama mtu anayezunguka nyumba, akatokea upande wa pili. Mpira ulikuwa umesimama ndani ya duara hilo. Yeye alisimama nje yake, anautazama.

"Okota!" Ignasi akapiga kelele.

Hakuokota.

Gidahosh alikuwa tayari anatembea. Njiani aliinama ukingoni mwa mfereji akang'oa majani mabichi. Na sisi tukamfuata nyuma, maana kubaki peke yako kuliogopesha zaidi.

"Kaka," akamwambia Patriki, "umezunguka nini?"

"Nilikwepa shimo."

Tukatazama chini. Udongo ulikuwa sawa kama unga uliochekechwa. Hata shimo la panya halikuwepo.

Gidahosh hakubishana. Alipiga hatua ndani, akachuchumaa, akanyoosha mkono wenye majani. Ndipo tukausikia wote, hata mimi niliyekuwa nawacheka. Mluzi, taratibu, kama wa mzee asiye na haraka, na ng'ombe wake wanajua njia. Ulitoka pembeni kidogo ya mkono wa Gidahosh.

Mkono wake ukabaki hewani. Akamtazama Patriki.

Patriki alikuwa ameivua glovu.

"Si hapo," akasema. "Kichwa cha kaburi kilikuwa huku. Sogea kulia kwako. Kidogo tena. Hapo."