Nyasi Zilizotandazwa Kando ya Kijito

Mama Hildegardi alianza kumshuku mwanawe siku alipomsikia akipiga mluzi.

Leopold hakuwa mtu wa mluzi. Tangu kiwanda cha kukoboa kahawa kipunguze watu, na yeye fundi mitambo akiwemo, alikuwa amerudi nyumbani Mbuji na kukaa kimya kama jembe lililosahauliwa ukutani. Chakula anakula, salamu anaitikia, basi. Sasa ghafla mtu yule yule anaamka na mluzi, ananyoa ndevu katikati ya wiki, na pikapu nyeupe inakuja kumtafuta.

Mwenye pikapu aliitwa Nathanieli. Alikuwa mnunuzi wa kahawa kutoka Songea, mmoja wa wale walioingia Mbinga soko lilipofunguliwa kwa watu binafsi, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Sawa. Lakini huu ulikuwa mwezi wa tatu, na kahawa mitini bado kijani kibichi. Mnunuzi wa kahawa anatafuta nini shambani kwa watu mwezi wa tatu?

"Shikamoo, Mama," Nathanieli alisema siku ya kwanza, akiinama vizuri tu.

"Marahaba, baba. Umepotea njia?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kuzungumza na fundi."

"Fundi ana mama. Karibuni ndani mzungumze."

Hawakuingia. Waliteremka hadi kwenye mibuni, wakasimama huko wakiinamia karatasi. Mama Hildegardi alipowapelekea magimbi ya kuchemsha, Leopold aliikunja karatasi haraka na kuitia kifuani. Mama akaweka sahani chini, akarudi taratibu, taratibu kabisa, na nyuma yake akasikia sauti ya mwanawe: "Mama asijue kwanza."

Magimbi aliyojibakizia jikoni siku ile aliwapa kuku.

Ana sababu ya kuogopa, tena sababu nzito. Mumewe Ignatio alipofariki, shemeji zake walikuja na midomo mirefu wakidai shamba ni la ukoo na mjane arudi kwao Kihagara, kule ziwani. Leopold ndiye aliyesimama mlangoni akasema, "Shamba hili analima mama yangu. Anayetaka kumwondoa aanze na mimi." Wakaondoka. Kwa hiyo kama Leopold mwenyewe ndiye anayeuza, nani atasimama mlangoni?

Jioni, wakiota moto, akaamua kumchokonoa kwa njia aliyomlea nayo.

"Kitendawili!"

Leopold akacheka. Miaka mingapi! "Tega."

"Mgeni wangu ana ulimi wa chuma. Akiutoa unalamba shamba lote, akiuachia unajirudisha wenyewe kinywani."

"Kinyonga."

"Kinyonga ana ulimi wa chuma?"

"Basi nimeshindwa, Mama. Nakupa mji. Chukua Mbamba Bay yote, na samaki wake."

"Sina haja ya samaki. Nipe mji mwingine."

"Chukua Songea."

Mama akamtazama. "Songea. Huko ndiko anakotoka yule. Haya, nimekwenda Songea, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu lake ni futi ya mafundi. Ile uliyoficha kwenye mfuko wa suruali."

Mluzi wa Leopold ulikatika kabla haujaanza. Aligusa mfuko, akaangalia moto. "Ni ya kazi tu, Mama."

"Kazi ya kupima nini?"

"Nitakueleza ikikamilika."

"Ikikamilika," Mama alirudia, akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

Siku mbili baadaye Leopold alipanda pikapu na Nathanieli. Alisema wanakwenda Songea kutafuta mabomba ya chuma na kioo, watakaa kama wiki. Mabomba! Mama aliwaza: mabomba ya uzio hayo.

Asubuhi ile ile aliteremka na ndoo yake kijitoni, mara ya kwanza tangu Leopold aanze kumchotea maji. Kule chini, nyuma ya mibuni, kuna kipande kimoja cha tambarare, na katika milima hii tambarare ni kitu cha kutafuta kwa tochi. Alikuwa amekipumzisha mwaka mzima. Alipokifikia, ndoo ilimtoka mkononi.

Nyasi zilikuwa zimefyekwa. Si kufyekwa tu, zimetandazwa kwa mistari, ya kwenda na ya kukingama, zikafanya miraba mitupu, sawasawa kama shuka ya mistari. Ilikuwa ngoro, hakuna jina lingine.

Kila mtoto wa Umatengo, nchi hii ya milima, anajua kazi hii inavyokwenda. Mwanamume hufyeka na kutandaza nyasi kwa miraba. Kisha mwanamke huja na jembe, huchimba udongo katikati ya kila mraba, huzifukia nyasi zikawa matuta, na katikati hubaki shimo la kushika maji ya mvua. Juu ya matuta hupanda maharage. Anayetandaza ametamka kwamba msimu huu ni wake, na anayefukia amejibu kwamba ni wetu sote wawili. Sasa Leopold hana mke. Nani alitandaziwa nyasi hizi? Nathanieli ana mke. Mama amemwona kanisani Mbinga, mwanamke mnene mwenye viatu vya kung'aa.

Alimwita wifi yake Beata, na jirani yake Celestina. Wakasimama watatu, mikono kiunoni.

"Miraba midogo hii," Celestina alisema. "Ngoro gani hii? Ya kupanda karanga moja moja?"

"Mngoni wa Songea anajua ngoro?" Beata akajibu. "Babu zake walitukimbiza tukapanda milimani, tukajifunza kulima kwenye mteremko. Leo mjukuu anakuja kututeremsha."

"Acha utani, wifi. Tazama kule."

Wote wakatazama. Ndani ya miraba, kutoka upande mmoja hadi mwingine, ulipita mstari mweupe wa majivu. Uliinuka kidogo, ukalala, ukainuka tena kwa mviringo, ukashuka ukajifunga ulikoanzia. Chini yake kulikuwa na duara mbili za majivu, kubwa kama sufuria za harusi.

Beata akafanya ishara ya msalaba. "Hii si kilimo. Hii ni dawa. Wamezindika."

"Mimi naona kama kiatu," Celestina alisema. "Kiatu kilicholala ubavu."

"Kiatu cha nani, sasa?"

"Cha mtu anayekuja kukukanyaga."

Mama Hildegardi hakucheka. Alikuwa anahesabu siku. Wiki moja. Mke wa Nathanieli akija na jembe akafukia, mbele ya mashahidi, kesi itaanza mahali pabaya. Lakini mwanamke mwingine akitangulia?

"Nendeni mkachukue majembe," alisema. "Na mbegu ninayo."

Walifanya kazi toka umande hadi jua la kichwa. Majivu yalikuwa ya kwanza kwenda chini. Beata aliyafukia huku akisali Baba Yetu, Celestina akipiga soga, na Mama akiwa kimya, kila jembe likishuka kwa hasira yake. Miraba ilikuwa midogo kweli, ikawalazimu kuunganisha miwili miwili. Walipomaliza, mahali pote palikuwa matuta na mashimo, na maharage ndani. Aliyepanda amepanda. Hata shemeji wabaya hawang'oi mbegu ya mtu.

Siku ya saba pikapu ilirudi na mabomba mgongoni. Leopold alishuka akipiga mluzi, akapita moja kwa moja kwenda kijitoni. Mluzi ukakatika. Mama, aliyekuwa akimfuata nyuma na jembe begani, alimkuta amekaa chini, na maharage yakiwa yamepasua udongo, vichwa vimeinama.

"Mama," alisema. "Nani amefanya hivi?"

"Mwenye shamba."

"Siku nne, Mama! Siku nne za kupima!"

Nathanieli alifika akihema. Akatazama matuta, akatazama jembe begani mwa Mama, akashika kichwa. "Mama yangu, umepanda maharage juu ya gari langu."

"Gari liko wapi? Mimi naona shamba ulilonunua kwa siri."

"Shamba?" Nathanieli alimgeukia Leopold. "Hujamwambia?"

Leopold akainamisha kichwa. Nathanieli akatoa kwenye shati picha iliyokatwa kutoka kalenda ya zamani. Ilikuwa gari la mashindano la Wajerumani, dogo, halina paa, limelala chini kama mjusi juu ya jiwe. Juu ya picha palichorwa miraba midogo kwa kalamu.

"Nimelipenda tangu nikiwa darasa la sita," Nathanieli alisema. "La kweli siwezi kulipata. Fundi akasema atanitengenezea la kufanana nalo. Hakuna karatasi kubwa hivyo, ndipo akalichora chini, mraba kwa mraba, kwa ukubwa wake wenyewe. Niliona ajabu, nikamwuliza amejifunza wapi. Akasema kwa baba yake, kwenye ngoro."

Mama aliishika picha kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Magurudumu ya gari lile aliyajua. Akageuka, akapanda kilima, wao nyuma yake, mpaka kwenye banda.

Humo ndimo ilimokaa Volkswagen ya Ignatio, ile ya mgongo wa kobe aliyoachiwa na padri alipokuwa dereva wa misheni. Miaka kumi na miwili haijatembea. Kuku hutagia kiti cha nyuma. Mama akamfukuza kuku, akafuta vumbi kwa kanga, na hapo akaiona: mistari ya chaki, juu ya dirisha, chini ya mlango, kuzunguka gari zima. Mistari ya kukata.

"Kumbe," alisema.

"Mama, chini yake ni nzima. Chasisi, magurudumu, injini, vyote naweza kuvifufua. Bodi tu ndiyo—"

"Ndiyo uliyotaka kukata nikiwa kanisani."

Leopold hakukana. "Ungekataa."

"Ningekataa. Ningelia siku tatu, ya nne ningekuuliza kama lina breki." Akakaa kwenye kizingiti cha banda. "Leopold. Gari hili ni la baba yako, nami nililipanda kwenda kujifungua mdogo wako. Lakini gari ni bati. Wewe umenilaza wiki mbili nikijiona nafukuzwa kwenye udongo wangu. Niambie sasa, usinitazame, tazama kule alikolala baba yako. Shamba umeuza?"

"Sijauza."

"Utauza?"

"Sitauza, Mama. Nataka karakana tu. Hili likipita barabara ya Mbinga, watu watauliza nani katengeneza. Basi."

Mama alikung'uta vumbi la gari kwenye kanga yake. Nathanieli aliangalia viatu vyake.

"Haya," Mama alisema hatimaye. "Kateni. Lakini nyasi zitatandazwa upya hapa uwanjani, mbele ya mlango wangu, na kila mstari niuone ukiwekwa. Karatasi haikunjwi nikipita. Na wewe, baba wa Songea, utapalilia yale maharage mpaka yavunwe, kwa sababu nyasi zilikuwa zako."

"Mimi? Kupalilia?"

"Sheria za ngoro hizo. Muulize fundi wako."

Leopold alijua hakuna sheria ya namna hiyo, akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake mapema walianza uwanjani. Leopold akitandaza, Nathanieli akisoma miraba kwenye picha, na Mama Hildegardi kwenye kigoda pembeni, akikatakata mchicha. Kila walipofika kona aliwasimamisha wamweleze ni kipande gani. Hapa taa. Hapa anakaa dereva. Hapa abiria.

"Abiria mmoja tu?"

"Ni la watu wawili, Mama."

"Gari la watu wawili lina siri," alisema, na kisu kikaendelea.

Jua lilipopanda, Nathanieli aliinuka, akatia mkono mfukoni. Kisu kikasimama. Mama aliutazama ule mkono ukizama, ukitafuta, ukikawia, hata Leopold naye akaacha nyasi akatazama. Ukatoka na leso. Nathanieli akajifuta jasho, akawakuta wote wawili wanamkodolea macho.

"Endeleeni," alisema Mama Hildegardi. "Mimi nipo hapa hapa."