Kuiponda Nyumba ya Shemasi

Mwezi wa tano ukifika hapa Houston, kila mtu anaisema vibaya nyumba yake. Watu walewale waliokuita Krismasi uje uone vigae vipya vya bafuni, sasa wanakulilia kwamba paa linavuja, mabomba yameoza na panya wamehamia darini. Ni msimu wa pingamizi za kodi ya nyumba. Barua za kaunti zimeshafika, zimetaja thamani ya nyumba yako, na kodi hufuata thamani, kwa hiyo unakwenda mbele ya jopo kuapa kwamba unaishi kwenye banda. Kanisani kwetu, ibada ikiisha, akina mama hukaa na sahani zao za kuku wa kukaanga na sukuma wiki iliyochemka na mguu wa nguruwe, wanashindana nani ameiponda yake vizuri zaidi. Aliyeshushiwa thamani kuliko wote anapigiwa makofi.

Jirani yangu Ozella Menefee hakuwahi kupigiwa makofi hayo, na jambo hilo lilimuuma. Mumewe, Shemasi Hollis, aliijenga nyumba yao kwa mikono yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, enzi hizo akiwa fundi bomba kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta. Mbao alizichukua kwenye shule yetu ya zamani, ile waliyosomea watoto weusi peke yao, ilipobomolewa. Ni msonobari wa zamani, mzito, wenye harufu mpaka leo. Aling'oa misumari mmoja mmoja, akainyoosha, akaitumia tena. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kupigilia kitu katika nyumba ile, hata mimi nilipotaka kumsaidia kutundika saa ukutani.

Ila ukweli lazima usemwe, Ozella alikuwa na kinyongo chake. Aliahidiwa dirisha la jikoni linalotazama barabarani, aone nani anapita na nani. Sijui Shemasi alikosea vipimo au alibadili mawazo, lakini dirisha lilitokea upande wa fensi yangu. Kwa nusu karne mwanamke yule ameosha vyombo akitazama nguo zangu za ndani kwenye kamba. Hata mimi ningechoka.

Mwaka ule yalikuwa yameota majumba ya ghorofa tatu mtaani kwetu, membamba, ya vijana wenye mbwa wadogo. Barua ya kaunti ilipokuja, nyumba ya Menefee ilikuwa imepanda thamani mara tatu. Ozella alikuja kwangu na ile barua mkononi.

"Dada Vonceil, wananifukuza," alisema. "Utanipeleka kwenye jopo? Hollis hawezi tena kuendesha gari."

Nikasema nitampeleka. Nilipokwenda kwao jioni kupanga safari, Shemasi alikuwa mezani anakula bamia na wali, hana wasiwasi wowote.

"Ozella, kodi yetu haipandi," alisema. "Nilipotimiza miaka sitini na mitano nilikwenda mwenyewe nikajaza fomu ya msamaha wa kodi wa wazee. Waliigandisha. Wakiamua nyumba hii ni ya dhahabu, tunalipa kilekile."

"Nani kakwambia?"

"Yule dada wa dirishani kwenye ofisi ya kodi kaniambia. Tena imeandikwa hapohapo nyuma, geuza."

Ozella hakugeuza. Alicheka, akanitazama mimi ili nami nicheke. "Umesikia, Vonceil? Mtu aliyeshindwa kupima dirisha ndiye ananisomea kodi!"

Shemasi akarudi kwenye bamia yake. Kesho yake alirudia maneno yaleyale, akajibiwa yaleyale, halafu akaachana nayo. Mimi nami ningeweza kuichukua ile barua nikaigeuza, ilikuwa mezani mbele yangu. Lakini mtu haingii katikati ya watu waliooana miaka mingi hivyo, na kusema kweli nilidhani Ozella anajua anachofanya.

Wiki nzima alizunguka nyumba na simu akipiga picha. Ufa wa zege sebuleni. Pembe ya dari iliyoshuka. Mlango wa bafuni, na kile kipande cha juu ambacho Shemasi alikuwa akikiparua kwa randa kila kiangazi, maana udongo wetu huku hautulii, ukivimba na kukauka nyumba zote zinacheza nao, na milango inakwama. Kila mwaka mzee huyu alitoka na randa, akaupiga mlango huu, akauchonga ule, mpaka yote inafunga kwa kidole. Sasa alimfuata mkewe chumba kwa chumba.

"Huo mlango haukupinda, mama. Huo ni udongo."

"Nimeuliza?"

"Basi angalau piga na upande huu, uone ulivyonyooka."

"Nitapigaje picha kilichonyooka, Hollis? Nakwenda kuwasifia?"

Siku ya jopo tulimwambia Shemasi abaki. Alikataa. Alivaa suti yake ya mazishi na tai, akakaa kiti cha nyuma cha gari langu na kofia magotini.

Jopo ni watu watatu, wastaafu kama sisi, wamekaa nyuma ya meza na chupa zao za maji. Upande mwingine alikaa mthamini wa kaunti, kijana mmoja mwenye ndevu changa na kompyuta. Tulisimamishwa sote, tukainua mkono wa kulia, tukaapa kusema kweli. Shemasi aliinua wake juu kuliko wetu. Yeye kiapo si kitu cha kuchezea, kuna mwaka alikataa kumtolea ushahidi mpwa wake mwenyewe kwa sababu hakuwa na hakika na rangi ya gari.

Ozella alianza, na nakwambia, mwanamke yule alikuwa amezaliwa kwa siku hiyo. Picha alizochapisha aliziweka mezani moja baada ya nyingine. Alieleza ufa. Alieleza dari. Alisema sakafu ya barazani inalia ukiikanyaga. Alisema milango haifungi, na ikifungwa haifunguki. Kisha akafika kwenye dirisha la jikoni, ambalo halikuhusiana na thamani wala kodi, akalieleza kwa muda mrefu kuliko vyote. Sauti yake ilikuwa na furaha. Wale watatu walianza kutabasamu, naye kila walipotabasamu alizidisha.

"Mama," mwenyekiti alisema akijifuta macho, "aliyejenga nyumba hii alikuwa anaona kweli? Mlimpata wapi huyu fundi? Tumkamate."

Jopo zima likacheka. Ozella naye akacheka, akafunika mdomo kwa mkono. Hakumwambia mtu kwamba fundi amekaa pale pembeni yake na kofia magotini. Nilimchukia wakati ule, nasema wazi. Nilitaka kunyanyuka niondoke na gari langu.

Sasa ikafika zamu ya kaunti. Yule kijana akakohoa, akasema kwa heshima kwamba haafikiani. Alikuwa amefika mwenyewe mtaani, akatazama. Mbao za nyumba hii, alisema, ni msonobari wa aina isiyokatwa tena, huipati kwa bei yoyote. Alisema kuta zake za nje zimesimama sawa kuliko za yale maghorofa mapya. Alisema zege lina ufa mdogo, na katika udongo wa Houston nyumba ya umri huo yenye ufa mmoja tu ni jambo la kushangaza. "Kazi ya mtu makini sana," ndivyo alivyomaliza.

Nilimtazama Shemasi. Alikuwa amenyooka kitini. Miaka yote ile, kati ya watu wote, anayekuja kuisifu nyumba yake ni mtu wa kodi! Macho yalikuwa yamemjaa, na akainua mkono kidogo kama mtoto darasani, kisha akaushusha.

Mwenyekiti alimwona. "Mzee, na wewe ni mwenye nyumba, siyo? Umeapa. Tukusikilize basi. Nani anasema kweli, mkeo au huyu kijana?"

Ozella hakugeuka kumtazama. Alikuwa anapanga picha zake mezani, zikae sawa.

"Sema, Hollis," alisema. "Waambie."

Shemasi alimtazama yule kijana, kisha akamtazama mkewe. Nilijua alichotaka kusema, na nilijua kwamba akikisema Ozella ataaibika mbele ya jopo, na Jumapili mbele ya kanisa zima.

"Mke wangu anasema kweli," alisema. "Nyumba ni mbaya. Imejengwa vibaya."

Tukashinda. Thamani ilishushwa kwa kiasi ambacho hakijawahi kusikika mtaani kwetu, na mwenyekiti akamtania Ozella kwamba arudi mwakani kuja kuwasemea wengine. Alitoka pale akitembea kama bibi harusi. Kwenye dirisha la ofisi, dada mmoja wa kugonga mihuri alipokea karatasi yetu, akaitazama kompyuta yake, akaitazama tena.

"Hongereni," alisema. "Ila mnajua bili yenu haibadiliki, eh? Ninyi mmegandishiwa tangu mzee alipofikisha miaka sitini na mitano. Hata thamani ilivyoshushwa hivi, bado iko juu ya ile ya zamani. Mtalipa kilekile."

"Kilekile?" Ozella aliuliza.

"Kilekile, mama. Hamkuwa na haja ya kuja."

Ozella aligeuka nyuma. Shemasi alikuwa amesimama mlangoni, anavaa kofia. Hakusema "nilikwambia." Ningemsamehe kama angesema, hata kama angepiga kelele pale mbele za watu. Alitushikia mlango tukapita.

Jumamosi iliyofuata alitoa vifaa vyake vyote kando ya barabara. Msumeno, patasi, pima maji, timazi yenye uzi wa bluu, na ile randa ambayo mpini wake ulikuwa umelika ukachukua umbo la kiganja chake. Vijana wa maghorofani walipita na mbwa wao wakachagua. Mmoja alichukua randa akasema ataiweka juu ya meko, iwe pambo. Nilimfuata Shemasi nikamuuliza amepatwa na nini.

"Fundi mbaya wa nini na vifaa, Dada Vonceil?" alisema, akaingia ndani.

Ozella kanisani alipigiwa makofi yake. Habari ya bili hakuitaja, nami sikuitaja, lakini tangu siku hiyo sikumpelekea tena tini za mti wangu.

Mwezi wa nane joto lilikuja kali na mvua hakuna. Udongo ukapasuka, na milango yote mtaani ikaanza kukwama kama kawaida yake. Safari hii kwa Menefee hakuna aliyeichonga. Asubuhi moja nilisikia kelele ng'ambo ya fensi, nikazunguka mbio. Shemasi alikuwa barazani anabangua njugu za pekani. Sauti ya Ozella ilitoka ndani.

"Hollis! Mlango umenifungia! Hollis!"

"Yuko bafuni," aliniambia. "Umekwama."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alipoingia."

Bafu lile halina kiyoyozi, na kijidirisha chake hata paka hapiti. Niliingia nikausukuma mlango kwa bega, haukutikisika. Kwa ndani Ozella alikuwa anapiga ngumi. Alianza kwa kutukana, na mwanamke huyo anajua kutukana. Baadaye matusi yalipungua, akawa analia kwamba joto linamuua. Nilirudi barazani.

"Shemasi, atakufa humo. Fanya kitu!"

"Nifanye na nini? Sina hata bisibisi." Alitupa ganda la pekani bustanini. "Tena ni kweli, milango ya nyumba hii ikifungwa haifunguki. Aliapa."

Kumbe ndani alikuwa anasikia kila neno, maana kile kijidirisha kilikuwa wazi. Sauti yake ikaja chini, haina ukali tena.

"Hollis. Ni udongo, Hollis. Mlango wako hauna kosa. Umejenga vizuri, baba. Ninaapa."

Mkono wa Shemasi ulisimama juu ya bakuli. Nikadhani atanyanyuka.

"Kiapo kipi sasa?" alisema, akachukua pekani nyingine.

Niliwaita zimamoto mwenyewe. Walikuja wawili, vijana wenye misuli, wakaingia na mtaimbo. Walidhani ni kazi ya dakika moja. Nilisimama kwenye korido nikiwatazama wakitoka jasho. Fremu haikulegea, wala msumari haukutoka. Ilibidi wawashe msumeno, na hata huo ulilalamika. Mwishowe mlango ulikatika kipande, na Ozella akatolewa akiwa na gauni la kulalia lililolowa, macho mekundu, vidole vimevimba. Akaketishwa kwenye kiti cha barazani, akapewa maji.

Mmoja wa wale vijana alibaki nyuma. Alikuwa anapapasa fremu kwa kiganja, akaigonga, akasogeza pua akanusa.

"Jamani," alisema akitoka, "babu yangu alikuwa seremala, lakini kitu kama hiki sijakiona. Udongo ndio umehama ukaubana mlango, lakini hakuna kiungo hata kimoja kilichoachia! Nani aliyeijenga hii?"

Ozella aliiweka chini gilasi. Alimtazama mumewe, na uso wake sitausahau, ulikuwa unaomba.

"Sema, Hollis," alisema. "Mwambie."

Shemasi alijikung'uta maganda magotini, akatazama barabarani.

"Sijui, kijana," alisema. "Sisi tuliikuta hivihivi."