Samahani Tatu za Adrian

Kazi yangu ni kusikiliza. Kwa miaka kumi na mmoja nilivaa visikizi katika kipindi cha magari cha televisheni kinachoitwa Kanyaga, na kila neno alilotamka mtangazaji wetu, Rex Holroyd, lilipitia masikioni mwangu kabla ya kuwafikia wale watu milioni tano wa Jumapili jioni. Nilimsikia akikohoa, akipiga miayo, akimdanganya daktari wake kwenye simu kuhusu pombe. Mtangazaji akishafungwa kipaza sauti kifuani husahau kwamba kipo. Sisi watu wa sauti tuna mwiko mmoja: kilichosikika kwenye kipaza sauti kilichosahauliwa hakitoki nje. Unakifukia papo hapo, unakunywa chai yako.

Jumatano ile ya mwezi Novemba tulikuwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege za vita huko Lincolnshire, mahali tulipokuwa tukirekodi kila wiki. Manyunyu hayakukatika tangu asubuhi. Rex alikuwa amelizungusha gari la Kiitaliano mpaka likatoa moshi, na sasa alitaka kufunga kipindi kwa mzaha juu ya watu wa Wales. Mzaha wenyewe siurudii. Mwaka ule alikuwa ameshawakejeli wauguzi, wapanda baiskeli na kijiji kizima cha Wales, mdomo wake haukuwa na breki, na wakubwa wa kituo walikuwa wamempa onyo la mwisho. Nami nilicheka mengi ya hayo, sijitii utakatifu.

Aliyetumwa kumwambia kwamba mzaha umekatwa ni Adrian Scrivens, msimamizi wa kurekodi, mtu mpole wa miaka arobaini na mbili ambaye hata mlango akiusukuma huusukuma kwa adabu. Alimfuata nyuma ya gari la chai. Hakuna aliyewaona. Mimi nilikuwa mbali nao, ndani ya gari langu la mitambo, nikawasikia.

"Rex, ule mstari wa Wales hauendi. Wamekataa ofisini."

"Ofisini nani? Wewe?"

"Mimi natumwa tu, kaka."

"Basi na mimi nakutuma. Wapelekee hii."

Nguo ikachakarika. Kikafuata kishindo kimoja, kifupi, kikavu. Halafu sauti ya chini, nzito: "Samahani. Samahani. Samahani sana."

Dakika kumi baadaye Rex alisimama mbele ya kamera, akafunga kipindi bila Wales, mara moja tu bila kurudia, vizuri mno. Adrian alikuwa nyuma ya kamera na leso mdomoni. Nilimwona. Nikanywa chai yangu.

Lakini sauti zote tunazorekodi hutumwa London jioni ile ile, na huko kuna mtu alisikiliza mpaka mwisho. Ijumaa Rex akasimamishwa kazi. Jumapili, saa ya Kanyaga, wakaonyesha filamu ya bundi. Nchi ikachafuka. Watu laki saba wakatia sahihi arudishwe, wengine wakaandika magazetini kwamba walijua siku nyingi, na mbele ya nyumba ya Adrian mtu akaegesha gari, akapiga honi kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa.

Rex naye akatoa maelezo yake. Alisema Adrian ndiye aliyemsukuma kwanza, yeye akajikinga tu. Na kama wanabisha, wasikilize wenyewe nani anaomba radhi. Adrian alipoulizwa akajibu: ndiyo, nilimsukuma. Aliandika na barua. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila kimya cha Adrian kilikuwa kimya tu, kimejikunja kwenye kona yake kikiomba kisisumbue mtu.

Kikao cha uchunguzi kikapangwa baada ya wiki mbili, nami nikaitwa shahidi. Nikawa kiguu na njia. Nilisafisha mifereji ya paa, nikasafisha na ya jirani. Niliendesha hadi Skegness, pwani, nikanunua chipsi, nikazimwaga bila kuonja, nikarudi. Nikikaa, mguu unacheza wenyewe. Nilikuwa na nakala ya ile sauti, na kila nikirudi nyumbani niliisikiliza nimesimama, koti mwilini. Nadhani niliisikiliza mara arobaini. Kila mara nilisikia kitu kile kile: hakuna aliyemsukuma Rex Holroyd.

Jambo lililonikosesha usingizi ni hili. Miaka mitatu nyuma tulikuwa Inverness, juu kabisa Scotland, nikapigiwa simu kwamba Derek, mume wangu, ameanguka jikoni. Rex alinyang'anya ufunguo wa gari la kipindi, akaniambia panda. Maili mia nne na zaidi hadi Lincoln, akasimama mara moja tu kutia mafuta, wala hakunisemesha, kwa sababu alijua siwezi kusemeshwa. Nilimkuta Derek yu hai. Tulipata siku mbili. Rex hakuwahi kumsimulia mtu, naye ni mtu anayesimulia hata vidonda vyake vya miguu. Hizo siku mbili nilipewa na yeye, hilo halina ubishi.

Verity Copplestone, bosi wa kipindi, alinipigia simu siku nne kabla ya kikao.

"Glynis, mpenzi, hujambo? Unakula lakini?"

"Sema unachotaka, Verity."

"Jamani. Sikuombi useme uongo. Wakikuuliza, sema tu haieleweki. Upepo ulikuwa mkali siku ile, si ndiyo?"

"Haukuwa mkali kiasi hicho."

"Sikiliza. Kanyaga bila Rex hakuna, hilo unalijua. Tuko watu hamsini na wanne, na Adrian mwenyewe kashakiri. Wewe sasa utakuwa mkweli kuliko mwenye kesi?"

Nikamwambia nitafikiri, nikatoka nje nikamwoshea jirani gari lake.

Jumapili mchana nikaenda baa, maana nyumba ilikuwa imenishinda. Dougie, mpiga picha wetu, alikuwa kaunta. Tumefanya kazi bega kwa bega miaka yote kumi na mmoja, na mke wake alikuwa amejifungua mapacha mwezi wa Septemba.

"Nasikia unakwenda London kutufungia kipindi," akasema.

"Nakwenda kuulizwa maswali, Dougie."

"Wewe huyo? Wewe ambaye Rex alikukimbiza kwa mumeo?" Kumbe alijua, sijui alijuaje. "Ama kweli shukrani ya punda ni mateke."

"Ulishamuuliza Adrian hali yake?"

"Wewe umemuuliza?"

Nikaacha bia nusu nikatoka.

Kikao kilikuwa Jumanne asubuhi, ghorofa ya nane. Mwenyekiti, Bwana Lumley, mwanasheria mstaafu, alikuwa mrefu kiasi kwamba miguu yake haikuenea chini ya meza, akainyoosha pembeni. Kulia kwake mama wa idara ya utumishi, kushoto karani. Rex alivaa suti. Nilikuwa sijawahi kumwona na suti, ilimfanya mdogo. Adrian alikaa upande wa pili, shavu limebaki na rangi ya manjano, akitazama viatu vyake.

Wakacheza ile sauti. Sekunde ishirini na sita. Iliposema samahani ya tatu Rex alitazama dirishani.

"Bi Cawthorne," akasema mwenyekiti, "unaitambua sauti inayoomba radhi?"

Neno nilikuwa nalo tayari ulimini. Haieleweki. Nikamtazama Rex, akanitazama, na jicho lake halikuniomba chochote; alikuwa na uhakika nami. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Ni ya Adrian," nikasema.

"Si ndio ninavyosema siku zote," akadakia Rex, bila hasira. "Mtu asiye na kosa haombi radhi mara tatu."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa na kuandika. Mama wa utumishi naye akaandika. Nikaona hali ilivyo: nilikuwa nimesema kweli tupu, na kweli hiyo ilikuwa inamwokoa Rex, inatuokoa wote hamsini na wanne, mimi nikirudi nyumbani sina hatia ya uongo. Ningeweza kunyamaza pale. Mguu wangu ukaanza kucheza chini ya kiti.

"Kipaza sauti cha Rex kilikuwa hapa," nikasema, nikigonga kifua. "Angemsukuma, mkono ungekigonga, nasi sote tungesikia mlio. Haupo."

"Alinisukuma begani," akasema Rex.

"Bwana Scrivens?" akauliza mwenyekiti.

"Begani," akasema Adrian. "Nadhani."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Bi Cawthorne, tunashukuru. Lakini lazima tukubali, huyu bwana aliomba radhi, tena papo hapo, kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Maneno ya namna hiyo ndiyo ya kweli kuliko yote. Hatuombi radhi bure."

Chai ilikuwa kwenye meza ndogo kando ya dirisha. Nikauliza kama naweza kujimiminia. Wakasema bila shaka. Nilivaa buti zangu za uwanjani, sina viatu vingine vya maana. Nilipopita pembeni ya meza nikaukanyaga mguu wa Bwana Lumley, kwa uzito wangu wote, kwa makusudi, nikasikia ngozi ya kiatu ikilia.

"Samahani," akasema mwenyekiti, akiuvuta mguu. "Samahani sana, nimekuzibia njia."

Sikuondoka. Nikasimama pale pale mbele yake.

"Umenikosea nini, Bwana Lumley?"

Mama wa utumishi akainamisha uso kwenye karatasi zake na mabega yakamtikisika. Mwenyekiti alikitazama kiatu chake, kisha akanitazama mimi, shingo ikamwiva. Akachukua kalamu akafuta kile alichokuwa ameandika, taratibu, mstari kwa mstari.

"Bwana Scrivens," akasema, "nakuuliza upya. Ulimsukuma Bwana Holroyd?"

Adrian aliendelea kutazama viatu vyake. Nilihesabu sekunde, ni mazoea.

"Hapana," akasema. "Samahani."

Hakuna aliyecheka. Rex alifunga kifungo cha koti la suti, akakifungua, akakifunga tena. Kikao kilipoahirishwa alipita karibu yangu mlangoni.

"Maili mia nne, Glyn," akasema kwa sauti ya chini.

"Najua, Rex."

"Nilidhani wewe ndiye ungekuwa upande wangu."

"Najua ulidhani."

Alitaka kuongeza neno, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue likamkosa. Akashuka kwa lifti. Nilimpenda mtu yule, sitaki kusema vingine, na nilikuwa nimemkata kwa mkono wangu mwenyewe.

Uamuzi ukatoka saa tisa alasiri. Rex hana kazi, na kabla simu zetu hazijanyamaza Verity akatuandikia wote kwamba Kanyaga imefungwa. Dougie alinitumia ujumbe wa neno moja, tusi, na silirudii hilo pia. Sikutaka kupanda lifti na watu, nikashuka kwa ngazi, na kwenye ghorofa ya tano nikamkuta Adrian amekaa kwenye ngazi na koti mapajani.

"Ungeyaacha tu," akasema. "Nilishakubali. Yalikuwa yameisha."

"Hukumsukuma."

"Kwani nani hakujua sikumsukuma? Watu hamsini na wanne, Glynis. Mapacha wa Dougie. Mimi ni mmoja."

"Na wiki ijayo ungefanya nini? Ungempelekea chai?"

"Ndiyo. Ningezoea. Nimeshazoea mengi."

Hasira ikanipanda, nusura nimpige mimi mwenyewe. Nilikuwa nimevunja mwiko wa kazi yangu, nimemgeuka mtu aliyenipa siku mbili za mwisho za Derek, kesho sina kazi, na huyu niliyempigania anataka arudishwe kulekule. Nikafungua mdomo nimwambie hayo. Ndipo nikamwangalia, nikaona jinsi anavyoongea kwa upande mmoja wa mdomo, upande wa pili ameubana.

Wiki mbili. Nilikuwa nimesikiliza kile kishindo mara arobaini, nikipima umbali, nikipima nguo, nikitafuta nani alisema nini. Nina namba yake. Tunaishi umbali wa maili tisa tu. Nilipita karibu na mtaa wake nikienda Skegness na nikirudi.

Nikaketi naye kwenye ngazi.

"Pole, Adrian," nikasema. "Iliuma?"

Alifikiri. Kisha akauvuta mdomo kwa kidole akanionyesha: pembeni, juu, pengo jekundu ambalo halijapona vizuri.

"Jino liling'oka na mzizi," akasema. "Nilipoinama lilikuwa kwenye leso."

"Mbona kwenye barua yako hukuandika? Mbona hukumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeuliza," akasema Adrian.