Kidole cha Fundi Cherehani

Nimeshona nguo tangu usichana wangu, na sindano imeshanichoma vidole mpaka nikazoea. Lakini tangu daktari aliponiambia nina kisukari, wiki mbili nzima, nilishindwa kujitoboa mwenyewe nipime sukari. Mkono ulitetemeka kama si wangu.

"Fundi mzima unaogopa kasindano?" mume wangu alinitania. Kisha akanawa mikono, akaketi karibu yangu. "Haya, bibi harusi, tazama nianze mimi."

Akajitoboa bila kukunja uso, akagusisha damu kwenye kipimo. Nikacheka. Yeye akakikazia macho kipimo.

Ishirini na moja. Yangu hospitalini ilikuwa kumi na tatu.

"Kimeharibika hiki," alisema kwa sauti ndogo.

Nikanawa mikono upesi, nikabadilisha sindano, nikajitoboa. Kumi na mbili. Kipimo kilikuwa kizima, na mkono wangu haukuwa umetetemeka hata kidogo.

Mzee wangu alikuwa bado amenyoosha kidole chake, ameduwaa. Nikakifuta damu taratibu kwa kipande cha kitambaa.

"Vaa viatu, baba," nikamwambia. "Ulinipeleka wewe. Leo nakupeleka mimi."