Ombi la Bibi wa Alfajiri

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kazini kwangu, kwenye kibaraza cha mbele ya ofisi za wilaya, taipureta iko mezani na karatasi tupu imeshaingizwa. Mimi huandikia watu barua: maombi ya kazi, maombi ya uhamisho, malalamiko ya mipaka ya viwanja. Mwaka wa kumi na tisa huu. Si mtu wa kuotaota mimi, na nikiota basi huwa nimechelewa kazini. Kwa hiyo naomba nisikilizwe hadi mwisho, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke aliyevaa gauni la rangi ya zafarani, amekumbatia kikapu cha ukili chenye kifuniko. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa rangi ya waridi. Nikadhani hina imemharibikia.

"Jina?" nikamuuliza.

"Eos. Mungu wa kike wa alfajiri. Wagiriki wa kale ndio walioniita hivyo. Warumi wakaja wakaniita Aurora, wala hawakuniuliza."

"Kazi?"

"Kufungua lango la mashariki ili jua lipite. Kila siku."

"Likizo unapata lini?"

"Sijawahi kupata."

Taipureta yangu ikakohoa. "Muulize shida yake," ikasema. "Hatukuja hapa kupiga soga." Haikunishangaza. Ni mashine ya zamani, na hata nikiwa macho ina kiburi.

Mwanamke akafunua kikapu. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na mdudu mmoja anayelingana na kidole gumba. Alikuwa nyenje, wale wanaolia juu ya miti kutwa nzima wakati wa kiangazi.

"Huyu ni mume wangu, Tithono," akasema. "Alikuwa mwanadamu. Nilimpenda, nikaogopa atakufa aniache. Nikamwandikia Zeus, mfalme wa miungu, nikaomba mume wangu asife kamwe. Akakubali siku ileile."

"Sasa lalamiko liko wapi?"

"Nilisahau kuomba asizeeke."

"Barua hiyo aliiandika nani?" taipureta ikadakia.

"Mimi mwenyewe."

"Inaonekana."

Nikaipiga kofi dogo ubavuni, maana kuna namna ya kusema na mteja. Eos hakujali. Akaeleza jinsi mumewe alivyozeeka miaka mia, kisha mia nyingine, akawa anapungua mwili na kupungua maneno, mpaka akawa nyenje, naye Eos akamtia kikapuni asije akakanyagwa. Nyenje akalia kidogo.

"Anasemaje?"

"Anasimulia siku tuliyokutana. Zamani nilikuwa nayasikia maneno. Siku hizi nasikia sauti tu, namwitikia hivyohivyo."

Hapo nikaondoa vidole kwenye taipureta, kwa sababu na mimi nyumbani nina mtu wangu. Baba yangu, Mzee Hoza, alipiga kengele ya shamba la mkonge kwa miaka thelathini na moja. Ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, naye alikigonga saa kumi na moja kamili alfajiri, watu waamke waende kukata mkonge. Sasa kichwa kimesahau. Moyo nao umechoka, na daktari amekwisha kuniambia nijiandae. Lakini linaloniumiza zaidi ni dogo kuliko hayo. Kila asubuhi baba ananiamkia. "Shikamoo, bibi karani," ananiambia, akidhani mimi ni karani wa shambani. Baba yangu mzazi. Sijawahi kuipokea shikamoo hiyo. Nageukia jiko, au najifanya sikusikia. Mwaka wa pili huu hajaniita Mwajabu.

"Namjua," Eos akasema, ingawa sikuwa nimefumbua mdomo. "Ndiye mwanadamu pekee aliyekuwa akiamka kabla yangu. Nikiisikia reli yake ndipo nilikuwa najua nimechelewa."

Nikainamisha kichwa nikaandika ombi lake, na nilipokiinua kibaraza hakikuwepo. Tulikuwa juu ya mlima Olimpo, makao ya miungu, ambako kuna ukumbi mrefu wenye mabenchi na dirisha moja la kupokelea watu. Nyuma ya dirisha ameketi Zeus, ndevu hadi kifuani. Radi zake amezisimamisha ndani ya ndoo kama miavuli, na moja inadondosha cheche sakafuni. Hakuna anayejali.

Nampa karatasi: mume wa Eos arudishiwe ujana. Anaisoma, anatikisa kichwa.

"Mama," ananiambia, "mungu akishatoa, hakuna mungu wa kutengua, hata mimi. Na sisi tunatoa kilichoandikwa. Kilichokuwa moyoni hatukigusi."

Namtazama Eos. Hakushtuka hata kidogo. Alijua tangu mwanzo.

"Sasa huku umenileta kufanya nini?"

"Sikuja kwa ajili yangu," anasema. "Kila siku nikifungua lango nakusikia jikoni kwako unaomba. Maneno ni yaleyale."

Zeus anavuta karatasi nyingine iliyokuwa chini ya kiwiko chake. Imepigwa kwa mashine yangu, naitambua kwa utepe wake uliofifia. Ina maneno mawili: Baba asife.

"Hili limeshapita," anasema. "Limebaki sahihi tu. Kalamu hiyo hapo."

Sitadanganya. Niliitaka kalamu ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Naichukua, nageuka nyuma, namwona baba ameketi kwenye benchi na koti lake la kazi, nyayo ziko sakafuni. Naisogeza kalamu kwenye karatasi. Miguu ya baba inaning'inia, haifiki chini tena. Naisogeza zaidi, mikono yake inapotelea ndani ya mikono ya koti. Nairudisha kalamu nyuma, naye anarudi alivyokuwa. Nilijaribu mara tatu, nipate uhakika.

Mara ya tatu kola ikamfika masikioni. "Shikamoo, bibi karani," akaniambia kutoka ndani ya koti, kwa sauti nyembamba. Kikapuni nyenje naye akalia, na sauti zao zilikuwa moja.

Nikaiweka kalamu chini.

"Naweza kubadilisha ombi?"

"Unaweza," Zeus akasema. "Ila ni moja tu, na ukishaandika umeandika."

Taipureta ikawa iko mbele yangu. Nikalia, sifichi, huku nikipiga kwa vidole vyote kumi kama nilivyofundishwa: "Naomba baba yangu, Hoza, akiwa macho, bila maumivu, akinitazama mimi na si mtu mwingine, aniite kwa jina langu mara moja. Baada ya hapo nitamtunza hivyohivyo alivyo, na siku yake ikifika sitamng'ang'ania."

"Mara moja tu?" taipureta ikauliza, safari hii kwa upole.

"Ukiomba nyingi, wanapata pa kukosea."

Zeus akaisoma mara mbili, akitafuta tundu. Hakuliona. "Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kamili. Saa ya reli."

"Hiyo ni zamu ya huyu," akasema, akimwonyesha Eos kwa kidevu.

"Nitapitia," Eos akasema. Alikuwa ameinamia kikapu, anamsikiliza mumewe, anaitikia kila baada ya muda: ndiyo, nakumbuka, ndiyo. Kisha akaniambia bila kuinua macho, "Laiti siku ile ningekuwa na mwandishi." Nikataka kumshika bega, lakini ukumbi ulikuwa umeanza kupambazuka.

"Mwajabu."

Nikafumbua macho. Nilikuwa kwenye kiti kando ya kitanda cha baba, shingo imepinda. Yeye ameketi, ananitazama mimi, si ukuta. Saa ya mezani inasema kumi na moja kamili.

"Abee, baba."

"Mbona umelala kwenye kiti, mwanangu? Shingo itakuuma."

"Haiumi, baba," nikasema, na ilikuwa inaniuma sana.

"Leo nimetanguliwa," akasema, anacheka kidogo. "Kuna mama kapita hapa kaniamsha. Ana haraka yule." Akaninyooshea mkono wa shati lake jeupe nione. Palikuwa na alama za vidole vitano, rangi ya waridi. Nililowanisha kitambaa nikazifuta, hazikutoka, nami sikukazana.

Tukakaa tumeshikana mikono mpaka mwanga ukafika kitandani. Akasinzia kidogo, nikaenda kupika uji.

Niliporudi na kikombe nikamkuta amesimama kwa taabu kando ya kitanda, mikono nyuma, kama vibarua wanavyosimama mbele ya dirisha la ofisi.

"Shikamoo, bibi karani."

Nilijua itakuja. Mara moja, niliandika mwenyewe. Nikaweka kikombe mezani, nikamshika ule mkono wenye alama, nikamketisha taratibu.

"Marahaba, mzee wangu," nikamwambia. "Karibu uji."